Asomeaye Maji Hashuki Mtoni

Mpangaji wa Kavinya, msichana mmoja, anasomea usimamizi wa rasilimali za maji chuoni, lakini mtoni hashuki. Wanawake wakienda kuchota kwenye visima vya mchanga, katikati ya mto Voi uliokauka, yeye hubaki ukingoni, mikono mfukoni, macho kwenye vilima vya Taita. “Anasomea maji na anayaogopa,” wanamcheka. Kavinya naye alicheka, mpaka siku moja ya jua kali msichana alipotoa mikono, akaanza kusugua vidole kama mtu anayepukusa mahindi, akasema kwa sauti ndogo, “Mama Nthambi, panda. Huko juu imenyesha.” Kavinya akapanda akinung'unika. Alipogeuka, mtungi wake ulikuwa unaelea kwenye maji ya matope.

Tangu hapo Kavinya haangalii mawingu, huangalia ile mikono. Leo anafika ukingoni, jua linawaka, na vidole vya msichana vinasuguana. Kabla msichana hajafungua mdomo, Kavinya anapiga ukelele yeye. Kule chini binti yake, Nthambi, ameinama kisimani, anainua kikombe bila kugeuka. “Nakuja, mama. Mtungi umebaki kidogo tu ujae.”