Baba alikamatwa, mwenye title deed ya kumtoa akawa mke aliyemwacha

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo.

Mimi humu huwa nasoma tu na kupita. Leo nimefungua uzi kwa sababu jambo hili nimelibeba muda na bado sijalielewa vizuri. Yote yamenipata mwenyewe. Majina tu nimebadilisha, maana shangazi zangu nao wana simu.

Mimi ni fundi wa kushona hapa Malindi. Wazazi wangu wako Marafa, ni wakulima.

Alhamisi moja mchana mama akanipigia.

"Mwanangu, baba yako amechukuliwa na polisi."

Kosa? Kakata minazi ya jirani. Minne, michanga. Jirani aliipanda mahali ambapo baba anasema ni ndani ya mpaka wake. Wamebishana mwezi mzima, siku hiyo baba akaamka na panga.

Mzee wa miaka sitini na tatu, wakuu.

Nikaacha gauni la watu kwenye cherehani nikaenda stesheni. Afisa wa zamu alikuwa mstaarabu. Akanieleza kwamba makosa mengine mtu huachiliwa pale pale kwa bond ya polisi, na bond yenyewe hailipiwi. Ukiweka cash bail, udai risiti. Lakini la baba lishafunguliwa faili, kesho anapelekwa kortini, nikaombe huko.

Katika maneno yote hayo mimi nilishika moja tu: bond. Na kichwani mwangu bond ilikuwa jina lingine la pesa.

Ijumaa mimi na mama tukawa kortini Malindi. Baba akapanda kizimbani na ndala zake za shambani. Akasomewa shtaka la kuharibu mali, akakana. Hakimu akasema kitu kwa Kiingereza cha haraka, mkalimani akarudia kwa Kiswahili: bond ya kiasi fulani na mdhamini mmoja wa kiasi hicho hicho, au cash bail ya kiasi kingine. Kesi itatajwa tarehe fulani.

Anayefuata!

Haikufika dakika tano. Tulitoka nje sijui kama tumeshinda au tumeshindwa.

Mama akaniuliza, "Amefungwa?"

"Nafikiri ametozwa faini."

"Faini na hajaulizwa hata minazi ilikuwa ya nani?"

Nikaenda dirishani kwa karani. Huyo dada Mungu ambariki, alinieleza taratibu kama mwalimu wa nasari.

"Hii si faini. Baba yako hajahukumiwa. Cash bail unaweka pesa, na akija kila tarehe, kesi ikiisha unarudishiwa. Bond huweki pesa. Unaleta mtu mwenye mali, anaacha hati yake hapa, anasema huyu akitoroka nishikeni mimi. Huyo ndiye mdhamini."

"Basi niandike mimi."

"Una nini?"

"Nina cherehani mbili."

Akatabasamu. "Title deed, au logbook ya gari. Kwa jina lako."

Cash bail yenyewe, hata ningeuza hizo cherehani na kibanda chake, nisingeifikia.

Title deed tunayo, nikamwambia, shamba letu la Marafa. Akauliza limeandikwa jina la nani. La babu. Aje basi. Babu alishafariki. Mmebadilisha? Hatujabadilisha.

"Basi bado ni la marehemu, na marehemu hawezi kumdhamini mtu."

Wakuu, shamba tumezaliwa humo, tunalilima, tumezikana humo, lakini kortini si letu. Jioni baba akapelekwa rimandi.

Nje ya geti jamaa mmoja mwenye bahasha ya kaki akanisogelea. "Sista, unatafuta surety, mdhamini? Ninaye, na hati iko tayari."

"Huyo mtu anamjua baba yangu?"

"Jina atafundishwa."

Nisiwadanganye, nilishawishika. Ni mama aliyenivuta mkono. Baadaye karani aliniambia kila hati hufanyiwa search kwenye ofisi ya ardhi, na ikionekana ni feki mnaunganishwa nyote kwenye kesi mpya. Jihadharini na watu hao.

Jumamosi mchana mama akaniambia huku akiangalia chini:

"Kuna Mama Kadzo."

Sasa hapa ndipo penyewe. Mama Kadzo ni mke wa kwanza wa baba. Baba alimwacha na watoto wawili huko Kakuyuni akaja kumwoa mama yangu. Mimi nimekua nikijua nyumba ile haikanyagwi. Kumbe yule mama alinunua shamba lake mwenyewe, kwa biashara yake ya korosho, na hati ina jina lake.

Jumapili nikaenda peke yangu. Nilimkuta anaanika mihogo.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Wewe wa nani?"

Nikamwambia. Akaendelea kugeuza mihogo yake mpaka ikaisha. Nikajieleza, na mambo ya bond nikayaeleza jinsi nilivyoyaelewa, yaani nusu nusu.

"Huko rimandi anapewa nini?"

"Maharagwe."

"Yeye hali maharagwe."

"Sasa anakula."

Kisha akauliza, "Akitoroka?"

Nilitaka kumpunguzia makali, nikashindwa. "Shamba lako linaweza kuchukuliwa, mama."

Akaingia ndani. Alitoka na sufuria yenye mfuniko. Ndani mlikuwa na leso, na ndani ya leso, title deed.

Kwa wanaotaka kujua utaratibu: tulihitaji kitambulisho chake, picha za pasipoti, PIN ya KRA, yaani namba ya kodi, barua ya chifu, search ya shamba na makadirio ya bei yake. PIN tulihangaika nayo cyber karibu siku nzima maana nywila yake ya eCitizen, ule mtandao wa serikali, hakuna aliyeijua. Msidhani ni kazi ya asubuhi moja. Sisi tulifika mbele ya hakimu Alhamisi.

Hakimu akamuuliza kama anamjua mshtakiwa.

"Namjua, mheshimiwa. Nimezaa naye."

"Unaelewa kwamba akitoroka utawajibika wewe?"

"Naelewa."

"Unaamini hatatoroka?"

Mama Kadzo akamtazama baba pale kizimbani. "Alishatoroka mara moja, mheshimiwa. Lakini mara ile hakuna aliyeniandikisha."

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Baba aliinamisha kichwa mpaka nikaona kipara chake chote. Mdhamini akakubaliwa, na baba akatoka jioni hiyo.

Kesi ikaenda miezi minane. Kila mention, yaani siku ya kesi kutajwa, Mama Kadzo alikuwa ameshafika kabla yetu, amekaa benchi la nyuma na mkoba wake. Karani alimwambia si lazima aje kila mara. Alikuja. Mama yangu mwanzo alikaa benchi la mbali. Mara ya tatu nikaona wamekaa pamoja, wanagawana mahamri. Hawakuniambia walizungumza nini.

Mwisho mpima ardhi akaja, mpaka ukaonekana. Minazi miwili ilikuwa upande wa baba, miwili upande wa jirani. Yaani wote walikosea! Baba akakubali kumpandia jirani mingine, jirani akaomba kesi iondolewe, na korti ikaruhusu. Mama Kadzo akatia sahihi, akarudishiwa hati yake.

Niliyojifunza: korti ikitamka bond, usikimbie kutafuta pesa wala watu wa getini. Uliza dirishani, kuuliza ni bure. Mkabadilishe majina ya mashamba ya marehemu, leo. Na ukiombwa uwe surety, usiweke sahihi kwa kuona haya. Unayewekwa rehani ni wewe mwenyewe.

Lakini kuna moja limenishinda. Siku ile ya mwisho nilimsindikiza Mama Kadzo stendi, nikamuuliza kwa nini alikubali, baada ya yote yale.

Akasema: "Mimi nilimwita miaka, hakuja. Kule kortini kila akiitwa jina anasimama anasema nipo. Nilitaka kumsikia."

Akapanda akaenda zake.

Sijui kama ule ulikuwa msamaha, au ni adhabu aliyompa baba yeye mwenyewe. Baba nimemuuliza, anageuza mazungumzo. Mama naye anasema nitaelewa nikiwa mkubwa, na mimi nina miaka thelathini na mbili.

Wenye kuelewa mambo haya, nisaidieni. Hata mkinisema nitasoma.