Brashi ya Shaba na Asubuhi ya Mafuta Kuganda

Siku yangu ya kwanza katika klabu ya kulenga shabaha, nje kidogo ya mji wa Kilifi, nilifika nimefunga tai. Sikuwa mtu wa kuokotwa njiani. Nilizaliwa Sabaki, nikajisomesha kwa kuuza makuti, nikaenda Uarabuni, na huko nikafanya kazi mchana na kusoma jioni hadi nikapata diploma ya ufundi mitambo. Wenzangu walirudi na redio. Mimi nilirudi na diploma na kisanduku cha brashi za kusafishia bunduki.

"Shikamoo, Afande," nilimwamkia Mkuu wa Ghala, sajenti mstaafu mwenye masharubu yanayong'aa.

"Marahaba, mwanangu. Tai ya nini? Umekuja kusafisha bunduki au kuzioa?"

Mwenyekiti wa klabu hakuwa na mzaha. Alinichukua kwa majaribio mpaka siku ya mashindano na wageni kutoka Nairobi. Bunduki zikifanya kazi vizuri, ajira ni yangu. Zikileta aibu, nirudi Sabaki nikaendelee na makuti.

Sasa nyinyi vijana sikilizeni, maana haya siku hizi hamfundishwi. Bunduki zetu zilikuwa ndogo, za kulengea karatasi, na tundu la mtutu wake halipitishi penseli. Brashi lazima ilingane na tundu hilo. Ikizidi hukwama, ikipungua hupita bila kugusa kitu. Brashi ya waya wa chuma iacheni kwa wachomeleaji, kwa sababu hukwaruza ile mifereji iliyojipinda ndani ya mtutu, na mifereji hiyo ndiyo huizungusha risasi ikaenda sawa. Ya shaba ni laini kuliko mtutu, nayo hung'oa uchafu ulioshikamana. Ya nailoni ni ya kazi nyepesi, au pale unapotumia dawa kali inayokula shaba. Ya sufu ni ya kupakia mafuta mwishoni, tena kidogo tu. Na brashi huingizwa kwa nyuma, pale risasi inapokaa. Ukiiingiza mdomoni, ufito unaoshika brashi utausugua mdomo wa mtutu na shabaha itapotea. Ikishaingia, itokeze yote upande wa pili ndipo uivute. Ukiigeuza katikati, nyaya zake hukunjika.

Yote haya nilimweleza Afande siku ile ile. Alinisikiliza akitafuna hamri mpaka likaisha.

"Umemaliza? Sisi hapa tunatumia mafuta ya nazi."

"Ya nazi, Afande?"

"Anakamua mke wangu. Bunduki ni kama nywele, mwanangu. Hewa ya chumvi inazitafuna. Angalia masharubu haya, umeona kutu?"

Msimu wa kaskazi, jua likiwaka, hakuna aliyeona ubaya wa mafuta yale. Lakini mashindano yalikuwa mwezi wa Julai, kusi inavuma na baridi yake, na kila mtu wa pwani hii anajua kwamba Julai asubuhi huwezi kujipaka mafuta ya nazi kabla hujaianika chupa juani. Kwa kichwa, tunajua sote. Kwa mtutu, hakuna aliyewaza.

Jioni ya kuamkia mashindano niliziacha bunduki safi. Nilipoondoka, Afande akaona zimekauka mno kwa macho ya wageni, akaziba midomo ya mitutu kwa vitambaa na kuzimiminia mafuta kwa ukarimu wote wa nyumbani kwake.

Asubuhi nilichomoa kitambaa cha bunduki ya kwanza, nikatoa komeo linalofunga nyuma ya mtutu, nikachungulia. Giza. Ya pili, giza. Mafuta yameganda kama mshumaa, na mtutu uliozibwa ukifyatua risasi unaweza kuvimba, hata kupasuka. Nilivua tai. Nikashika brashi ya shaba, nikasukuma, nikatokeza, nikavuta, kisha kitambaa, kisha bunduki nyingine. Nilipomaliza niligundua moja haipo.

"Ile ya Mwenyekiti ya kufungulia mashindano," alisema Afande. "Nimeshaitoa kitambaa na kuipeleka uwanjani. Hiyo usiiguse, nimeihudumia kwa mkono wangu."

Mwenyekiti alikuwa tayari amelala kwenye mkeka, wageni wamesimama nyuma yake. Kumzuia mwajiri mbele ya watu wa Nairobi ni kufunga virago. Lakini kunyamaza ni kumwachia auweke uso wake kwenye bomba lililozibwa. Nilikimbia nikiwa na ufito mkononi.

"Mheshimiwa, usipige!"

"Wewe kijana wa tai, una wazimu?"

"Naomba uchungulie kwanza."

Nilihakikisha haina risasi, nikatoa komeo. Akachungulia.

"Mbona humu ni usiku?"

"Ni mafuta tu, Mheshimiwa," Afande alisema kwa sauti ndogo.

Nikasukuma brashi kutoka nyuma. Mdomoni ikachomoza kamba nyeupe, ikaendelea kuchomoza, ikakatika na kuangukia kiatu cha Mwenyekiti. Aliiokota, akainusa.

"Sajenti," alisema, "hawa wageni tunashindana nao au tunawakaanga?"

Watu wa Nairobi walicheka hadi wakashindwa kulenga, na tukawashinda. Siku ile ile nilipewa ajira, na Afande mwenyewe akanirudishia tai yangu shingoni. "Haya, bwana harusi," akasema. "Wake zako hao."

Baadaye nilihamishiwa Malindi chini ya Meneja wa Uwanja, kisha Mtwapa chini ya Mkufunzi Mkuu, na kote huko hakuna mtutu uliowahi kuingiziwa brashi kwa mdomo nikiwa kazini. Hakuna hata mmoja.

Sasa nimestaafu, niko kwangu Sabaki. Kila Julai mke wangu huniita uani, chupa ya mafuta ya nazi mkononi.

"Mwenye diploma, yameganda. Lete brashi yako."

Mwaka huu nilimkatalia. Nilimweleza kwamba brashi huingizwa kwa nyuma. Aliigeuza chupa, akaniangalia.

"Nyuma iko wapi?"

Nikaenda kuleta ile ya nailoni.