Bodi ya Mama Pacha

Walikuwa mume na mke, na kazini meza zao zilitazamana. Wote wawili walikuwa wabunifu wa vifaa vya hospitali. Kwa miaka mingi mume ndiye aliyekuwa akiulizwa, mke akiuliza.

Ikaja kazi ya kifaa cha kusikiliza moyo wa mtoto aliye tumboni. Umeme wa moyo huo ni hafifu mno, tena ule wa mama huufunika. Ilitakiwa bodi, kibao cha saketi za umeme, ya kuugeuza kuwa namba bila kupoteza hata chembe. Meneja akaamua kila mmoja abuni yake, iliyo bora ichukuliwe.

Ya mke ilitoka tulivu. Kwenye kompyuta mstari wake ulinyooka kama uzi uliovutwa. Wa mume ulijaa manyoya ya kelele za umeme. Wenzao walimsifu mke mbele ya mumewe, naye mume akacheka nao. Lakini nyumbani akawa mtu wa kununa. Chumvi imezidi, mlango umebamizwa, hata mkewe akikohoa ilikuwa kosa.

Siku ya kuwaonyesha madaktari, mstari wa mke ukaanza kutetemeka. Mume akaona sababu papo hapo: waya wa ardhi ulikuwa umeunganishwa sehemu mbili, na kelele za umeme wa ukutani zilikuwa zikipenya humo.

"Baba Pacha, unaona nini?" mkewe akamwuliza.

"Sioni kitu."

Mke akainama, akafuata nyaya kwa kidole moja baada ya nyingine, akachomoa moja. Mstari ukatulia. Katikati ya mapigo ya mama mjamzito aliyejitolea kupimwa, yakachomoza mengine, madogo, ya haraka haraka. Yule mama akaziba mdomo kwa kiganja, machozi yakimtoka. Mume alitazama pembeni.

Jioni, wakimenya viazi, mke akasema bila kuinua uso, "Uliuona ule waya."

"Niliuona."

"Sasa?"

"Nilitaka ukwame. Japo mara moja."

Siku kadhaa mke alizungumza naye mambo ya watoto tu.

Bodi ya mke ndiyo iliyochukuliwa. Meneja akampa mume kazi ya kuibunia sehemu ya kuilisha umeme, na mume akaitengeneza vizuri, akairudia mpaka kelele zikapungua zaidi. Mkewe alipomshukuru mbele ya watu, roho ilimwuma vilevile. Safari hii alimwambia mkewe kwamba inamwuma, na mkewe akamsogezea kiti aketi karibu naye.