Mwalimu wa Magongo wa Tawa

Miaka ile ya sabini, mwalimu wa mpira wa magongo pale Tawa hakuwa na filimbi; aliwapigia wasichana mluzi ule wa kurudisha mbuzi, nao wakarudi. Kila jioni alipapasa magongo yao ya mti wa mukau kwa kidole gumba, akitafuta ufa. Jioni moja msichana mmoja, Mbula, aliyekosa penalti mechi iliyopita, akaomba kesho dhidi ya timu ya Kikima apige mwingine.

“Naogopa, mwalimu.”

Mwalimu akaingia golini, akampa mgongo. “Haya, piga. Ukiniumiza, mama watoto atakutafuta!”

Wenzake wakacheka, naye Mbula akacheka, akapiga. Mpira ukamgonga mwalimu kisigino, ukaingia. Mwalimu akazunguka uwanja akirukaruka kwa mguu mmoja, machozi yakimtoka: “Wui, mwaitu, mama yangu! Kesho ni wewe! Kesho ni wewe!”