Kuku Alipona Kabla Yangu

Nilivunjika paja kwenye mteremko wa kuingia Msanzi, nikijifua kwa mbio za baiskeli za Saba Saba. Kuna kona moja mbaya pale, imejaa changarawe. Baiskeli ilibaki barabarani, mimi nikaangukia kwenye matuta ya maharage ya watu.

Mama alimwita shangazi yake, bibi aliyejulikana kwa kuunga mifupa. Alinifunga vijiti na dawa, kisha akamkamata kuku wetu mwekundu, akamvunja mguu wa kulia kama wangu na kumfunga vilevile. Ndivyo ilivyokuwa kwetu: kuku akianza kutembea, mgonjwa naye huinuka. Kuku alitembea, nami nikatembea. Mguu uliunga vizuri kabisa, sina ubishi na hilo.

Ubishi ulianza ilipotajwa baiskeli.

"Kuku anaruka uzio, wewe unangoja nini?" waliniuliza majirani. Tulikuwa tumeshahamia kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari, na hata woga wangu ukawa mali ya wote. Nilipanda hadi juu ya mteremko ule, vidole vikabana breki vyenyewe. Nikashuka, nikaisukuma baiskeli hadi chini kama nimepakia gunia la mahindi. Watoto wakanifuata wakilia, "Ko-ko-ko!" Niliona aibu, halafu nikashikwa na hasira, na hasira ndiyo iliyonifaa.

Mwenyekiti wa kijiji aliniita pembeni. "Ndugu, mwaka huu utatusaidia kushika bendera pale mwisho wa mbio," alisema kwa upole. Upole ule uliniuma kuliko changarawe.

"Bendera ashike mwingine, Ndugu Mwenyekiti. Mimi nitaipita."

Nilijibu hivyo, lakini woga ulikuwa palepale. Mimi si kuku. Kuku hakujua kona ile ilipo, mimi niliiota.

Basi kila asubuhi, baridi ya Ufipa ikiuma masikio, nilikwenda huko peke yangu. Kwanza nilianzia chini ya kona. Nilipoizoea sehemu hiyo, nikasogea juu kidogo, kisha juu tena. Woga ukinizidi nilisimama, nikaitukana kona kwa Kifipa, nikarudi nilikotoka na kuanza upya. Bibi yule alinikuta akienda shambani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Bado unaogopa?"

"Bado."

"Mimi nimeunga mfupa, mjukuu wangu. Hilo lingine sina vijiti vyake." Akaendelea na safari yake na jembe begani. Nilimshukuru, maana ni yeye peke yake ambaye hakunitajia kuku.

Siku ya Saba Saba ilifika. Nilipoikaribia kona, vidole vilizitafuta breki. Nikavikunjua. Changarawe ikanguruma chini ya magurudumu, matuta yakapita kando, nami bado nilikuwa juu ya baiskeli. Sikushinda, vijana wawili wa Mwimbi walinitangulia. Lakini bendera niliipita, na aliyeishika alikuwa mwenyekiti mwenyewe.

"Nilijua tu!" alishangilia, akinipiga mgongoni. "Hofu imekwisha!"

"Haijaisha," nilimjibu huku nikihema, kwa sauti ili na majirani wasikie. "Nimeteremka nayo. Na mwakani nitateremka nayo tena."