Joto Ndani ya Ukuta

Hadi leo nikisikia harufu ya plastiki ya waya uliopata joto, hata ikiwa ni pasi ya jirani tu, mkono wangu huenda ukutani wenyewe. Wanangu hunicheka. Wacha wacheke. Hawakuwa nasi mtaani Mbotela wiki ile ya matanga ya Baba.

Baba alikuwa dereva wa lori. Aliugua mapafu, akalazwa, na dada yangu Nekesa, aliyekuwa kidato cha tatu, akawa anamwuliza kila muuguzi kama atapona. Jibu lilikuwa lile lile: tungoje, tuombe. Tukangoja, tukaomba, na Baba akafa. Nekesa hakulia. Wanawake wa mtaa walinong'ona kwamba msichana yule ana moyo wa jiwe, na mimi niliyelia hadi kwikwi zikanikaba, nilimkasirikia kwelikweli.

Kwetu sisi watu wa magharibi maiti haisafirishwi kimya kimya. Kila jioni ndugu, majirani na watu wa kanisa hukusanyika kwa wafiwa, wakaimba, wakaomba, wakapanga safari ya kumpeleka marehemu nyumbani. Na hawaondoki bila chai. Mfiwa akikosa kutoa chai, habari zitamtangulia kijijini. Mvua ilikuwa imelowesha makaa ya mtaa mzima, kwa hiyo Baba mdogo Wafula, aliyemfuata Baba kwa kuzaliwa, akaazima majiko mawili ya stima, yale ya koili. Nyumba zile za zamani zilijengewa balbu tu, soketi hakuna, basi sote tulivuta stima kutoka kwenye waya wa balbu. Koili zote mbili zikiwashwa, fyuzi inakata. Baba mdogo akachoka. Akang'oa kile kiwaya chembamba cha fyuzi, kinachoyeyuka stima ikizidi, akatia kipande kinene alichokata kwenye kebo, akasema sasa ikate tuone. Watu wakamshukuru, wakaongeza maji kwenye sufuria.

Nekesa alichukua chaki akaanza kuandika nyuma ya mlango. Nilimsogelea ingawa tulikuwa hatusemezani. Alinieleza pole pole, kama mtu anayejieleza mwenyewe. Stima yetu ni volti mia mbili na arobaini. Koili moja inavuta ampea kumi. Gawanya volti kwa ampea, unapata ukinzani, yaani vile koili inavyoubania umeme njia: omu ishirini na nne. Zidisha volti kwa ampea, unapata nguvu yake: wati elfu mbili na mia nne. Hizo hazikumtisha, kwa sababu joto la jiko liko mahali pake.

Kilichomtisha ni waya. Alisema hata waya una ukinzani wake, mdogo tu, tuseme nusu omu. Koili moja ikiwaka, waya wenyewe unapata joto la wati hamsini. Zikiwaka mbili, wati mia mbili. Nikamwuliza mbona si mia moja, maana hata mimi wa darasa la tatu nilijua hamsini mara mbili. Akasema mkondo, yaani zile ampea, huzidishwa kwa mkondo wenyewe, halafu kwa ukinzani: ukiongezeka mara mbili, joto linakuwa mara nne. Na joto lile lote lilikuwa linapita ndani ya plasta, juu ya kitanda walipolazwa watoto wa wageni.

Alimwambia Baba mdogo, akajibiwa kwamba vitabu ni vya shule. Alimwendea Mama, aliyekuwa ameketi kwenye godoro sakafuni, macho yamevimba.

"Baba yenu hakuwahi kumwacha mgeni aondoke na njaa," Mama alisema, akageuza uso.

Jioni hiyo nyumba ilijaa hadi mlangoni. Tulikuwa katikati ya sala harufu ile ilipoanza. Nekesa akainuka, akapenya kati ya wazee waliofumba macho, akazima swichi kubwa. Giza. Sala ikakatika, na shangazi mmoja akasema mtoto huyu hana adabu hata kwa kifo cha babake. Nekesa alimshika Mama mkono, akaubandika ukutani, pale waya ulipoungwa. Mama akautafuta mkono wangu akauweka pale pale. Ukuta ulikuwa wa moto kama sufuria ya uji.

"Watoeni watoto kitandani," Mama akasema. "Halafu mtu atafute makaa."

Makaa makavu yalipatikana mtaa wa pili. Chai ilichelewa na ilinuka moshi, lakini hakuna aliyelalamika. Aliyepepea jiko ni Baba mdogo mwenyewe, kwa mfuniko wa sufuria.

Nekesa alibaki amesimama gizani, kiganja bado ukutani, na hapo ndipo alipolia, kilio cha kutoka tumboni. Mama akamvuta kifuani.

"Hii niliijua mapema," Nekesa alisema. "Ya Baba mbona sikuijua?"

Mimi nilidhani analia kwa sababu amekaripiwa mbele ya watu. Ilibidi nizae, nimwuguze mtoto wangu usiku na mchana, ndipo nielewe kwamba wiki ile yote dada yangu alikuwa akitafuta katika ugonjwa wa Baba hesabu aliyoiruka, kumbe hakuna aliyoiruka. Ndiyo maana nikigusa ukuta na kuukuta baridi, huwa siutoi mkono haraka, nikimkumbuka dada yangu akitafuta kosa pasipokuwa na kosa.