Damu Ichemke

Kijana amenipita hapa mtaani Adams akinuka dawa ya kuchua misuli, nikamkumbuka yule mwalimu wa michezo aliyeniharibia maisha. Mshindi wa mbio za siku hiyo angesomeshwa sekondari bure, na mimi siku zote nilishinda nikikimbia nimetulia. Mwalimu akinichua miguu pale uwanjani Jamhuri, akaninong'oneza kuhusu rafiki yangu niliyeshindana naye: "Rafiki yako anasema mamako ni mlevi. Mwonyeshe!"

Nilitoka mbio kama nimechomwa moto. Raundi ya pili nikaishiwa pumzi nikaanguka, rafiki yangu akanipita, akashinda. Baadaye alikuja kuniinua, nikamsukuma.

"Kwani nimekukosea nini?" akauliza.

Kumbe hakuwa amesema lolote kuhusu mama. Nilipomuuliza mwalimu, akacheka: "Ah, nilitaka tu damu yako ichemke."

Ilichemka, mwalimu. Mpaka leo haijapoa.